Kadzama Niliyompelekea Jaji wa Korti ya Vita

Kabla hamjalisikia jambo hili kwa Mama Loisi, ambaye kila akilisimulia hulitia chumvi mpaka haliliki, nalisimulia mwenyewe: ni mimi, Hawe Raheli wa Changamwe, mwanamke wa kanisani, mwenye mvi na wajukuu, niliyemwaga tembo la mnazi ndani ya korti ya serikali mbele ya jaji wa Kizungu, na povu likamrukia mchungaji wangu mpaka kwenye ndevu. (Hawe kwetu Rabai ndiyo bibi, na hapa Changamwe hata watu waliokuja juzi kutoka bara wananiita hivyo, wengine wananizidi umri.) Nimeaibika, sikatai. Lakini anayetaka kucheka na angoje kidogo aone nilikuwa natafuta nini, halafu acheke vizuri.

Ilikuwa wakati wa vita, bandari ya Kipevu imejaa mali ya jeshi, na mjukuu wangu Danieli alikuwa kuli huko. Danieli ni mtoto wa binti yangu, mama yake alimwacha ananyonya, nikamlea kwa uji na maziwa ya mbuzi mpaka akawa mtu wa kuinama akiingia mlangoni, na sijisifu bure nikisema hamkumpata kijana kama yule kutoka Mishomoroni hadi Timbwani: hanywi, havuti, na kanisani akisoma Zaburi hata watoto wananyamaza. Mimi nilizoea kumwita mume wangu, kama bibi yeyote amwitavyo mjukuu wake wa kiume, naye huniambia, "Mke wangu umezeeka, nitaoa mwingine," tunacheka, chakula kinaliwa.

Basi jioni moja akitoka kazini askari wa geti wakamkamata na mzigo wa mablanketi ya jeshi, umeviringishwa na kufungwa kamba. Alisema ameuokota kwenye jaa, mahali jeshi linapochoma taka zake. Askari wakamwambia kila mwizi wa Kipevu huokota jaani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuiba. Polisi wakautia mzigo ule lakiri nyekundu, muhuri wa nta, vile vile ulivyofungwa, na Danieli wakamtia ndani.

Sasa siku zile serikali ilikuwa imeweka korti maalum kwa watu wa kuiba mali ya jeshi, sisi tukiiita korti ya vita, na haikukaa mjini kisiwani, ilikaa papa hapa Changamwe katika banda la mabati lililokuwa zamani ghala la mbata, ili mashahidi wa jeshi wasiende mbali. Watu walioingia banda lile tuliwaona wakitoka wamefungwa pingu wakipandishwa lori, na lori halikuwa linarudi nao. Kijana wa jirani yetu alipelekwa gereza la mbali huko bara, babake akafa, akazikwa, na mtoto hajui. Hilo ndilo lililonikaa kooni. Umri wangu huu, Danieli akipandishwa lile lori, ni nani atakayenizika?

Mchungaji wetu akatutafutia wakili, Mhindi mwembamba mwenye miwani, mtu mpole, akaja mpaka kwangu akaketi juu ya kinu changu kwa sababu kiti kilikuwa kimevunjika. Nikampa maji ya dafu. Akanywa, akasema, "Mama, kesi ya mjukuu wako ina jambo la ajabu."

"Jambo gani, Bwana Wakili?"

"Kesi kubwa kama hii hupita kwanza kwa hakimu mdogo. Anaita mashahidi, anawasikiliza wote, akiona neno lina uzito ndipo anaipeleka mbele kwa jaji. Akiona halina, anamwachilia mtu palepale. Hii haikupita kwa hakimu."

"Imepita wapi basi?"

"Haikupita popote. Polisi wameichukua wakaiweka moja kwa moja kwenye meza ya korti maalum."

"Bila ya kutumwa na mtu?"

"Bila ya kutumwa."

"Na yawezekana hivyo?"

Akavua miwani akaifuta. "Hilo ndilo nitakalomwuliza jaji kesho. Akisema haiwezekani, itabidi warudi nyuma waanze kwa hakimu. Akisema yawezekana, kesi itaendelea hapo hapo, na mimi sijui hata mashahidi wao watasema nini."

Enyi wenzangu, mimi neno likishanikamata haliniachi. Huyu anayehoji mpaka kwenye matanga maiti amekufaje na alikula nini ndiye mimi. Lile swali la wakili nilitwanga nalo, nikachota nalo maji, nikachambua nalo mchicha. Yawezekanaje kesi ijitembelee yenyewe kama kuku? Jaji ameijuaje, nani kamfungulia kinywa? Nikamwuliza Mama Loisi, rafiki yangu, tuko naye kiti kimoja kanisani, akanikata: "We Raheli, mjukuu wako yuko ndani, badala ya kuuliza ufunguo wauliza mlango!"

"Mlango ukiwa si mlango, ufunguo wa nini?" nikamwambia.

"Haya, kajibizane na Wazungu. Mimi nitakuja kutazama."

Hapo ndipo akili yangu ilipokwenda Rabai, na ilipokwenda haikurudi salama. Kwetu Rabai, mtu akiwa na neno zito, awe anadai mke, awe anashitaki mchawi, haendi kwa wazee mikono mitupu. Hutanguliza kadzama, yaani kibuyu kikubwa cha tembo la mnazi. Kadzama ikipokelewa, neno limefunguliwa, wazee watalisikia hata kama hawalipendi. Kadzama isipokuwapo, uwe na haki kubwa kama mbuyu, watakuangalia tu wakikuna magoti. Nikaona mambo yamefunuka! Kesi ya Danieli haikutumwa na hakimu kwa sababu hakuna aliyeifungua. Na wakili, maskini, Mhindi wa watu, anakwenda kumwuliza mzee wa Kizungu swali zito kama lile na mikono mitupu, nani atamjibu?

(Najua mnavyofikiri. Mimi ni mama wa kanisa, nimeapa mbele ya madhabahu kwamba tembo haliingii nyumbani kwangu. Nilijitetea moyoni kwamba haliingii, linapita tu.)

Alfajiri nikaenda kwa Mwaringa, mgema wa hapa nyuma, akiwa ndio kwanza anashuka mnazini. Akanitazama kama aliyeona mzimu.

"Hawe Raheli! Wewe na tembo?"

"Si la kunywa. La korti."

"Korti gani tena inayokunywa asubuhi?"

"Mwaringa, jaza kibuyu, usinichoshe."

Akajaza. Akaniambia, na hili nawaapia aliniambia, sina wa kumlaumu: "Hawe, hili lingali linachemka, usilizibe sana, liache lipumue." Lakini mimi niliogopa harufu. Nikaliziba kwa makumbi ya nazi, nikayashindilia kwa kisigino cha mkono, nikafunga na kitambaa juu, kisha nikakiweka kibuyu tumboni na kujitanda leso mbili. Njiani Mama Loisi akanitazama ubavuni.

"Raheli, umenenepa tangu jana."

"Ni wasiwasi."

"Wasiwasi huo una miezi mingapi?"

Nikaongeza mwendo. Mlangoni kwa korti askari mwenye bunduki akanitazama tumbo, akanitazama mvi, akatazama tumbo tena, nikaona anavyopiga hesabu na hesabu inamkataa, mwishowe akasema, "Pita, mama, kaa mbele, usisimame sana." Nikapita. Hivyo ndivyo nilivyopewa kiti cha mbele kabisa, kando ya mchungaji, ambaye alikuja kumshuhudia Danieli tabia yake, na mbele yetu, kama hatua ya mtoto tu, ilikuwapo meza yenye mzigo wa mablanketi na lakiri yake nyekundu. Ungetaka kupanga maafa usingeyapanga vizuri zaidi.

Danieli alisimama kizimbani katikati ya askari. Amekonda. Aliponiona akatabasamu upande mmoja, nikampungia kidole, mkono mwingine nimeukumbatia mzigo wangu.

Wakaanza. Jaji alikuwa mzee wa Kizungu mwenye uso mwekundu na leso ya kufutia jasho, na alizungumza polepole kama mtu anayehesabu mbegu. Mkalimani alikuwa Sheikh Athmani, mtu wa Mji wa Kale, wa ukoo wa zamani, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kupiga chafya mbele yake. Kila linalosemwa alimfasiria Danieli kwa sauti, kwa hiyo nasi tukasikia.

Wakili akasimama, akainama, akasema kwamba kabla mshitakiwa hajajibu lolote, yeye ana swali: korti hii imeipata wapi kesi hii? Hakuna hakimu aliyeisikia, hakuna hakimu aliyeituma. Korti ya kawaida isingeipokea. Je, hii, kwa kuwa inaitwa maalum, ndiyo inaweza kujichukulia?

Nikasogea mbele kitini. Wallahi niliona raha kama mtu anayesikia fumbo lake likitegwa mbele ya watu wakubwa.

Inspekta wa polisi, Mzungu kijana mwenye shingo ndefu, akajibu kwamba sheria iliyoiweka korti hii imeiruhusu, wakati ni wa vita, mashahidi ni askari, leo wako hapa kesho wako melini, serikali haina nafasi ya kusikiliza jambo lilelile mara mbili. Wakili akasema kusikilizwa mara mbili ndiyo kinga ya mshitakiwa. Inspekta akasema kinga ya mshitakiwa ni jaji mwenyewe. Jaji akawatazama wote wawili, akaandika, akaacha kuandika, akaangalia juu kwenye mabati. Mabati yalikuwa yanalia kwa jua, joto la mle ndani mkate ungeiva.

Na tumboni kwangu nikasikia: ssss.

Nikadhani ni nyoka. Kisha nikasikia kibuyu kinatetemeka, kina joto kama mtoto mwenye homa. Mchungaji akageuka, akanusa. Akanusa tena. Akanong'ona, "Mama Raheli, wasikia harufu?"

"Ni askari," nikamnong'oneza. (Mungu anisamehe, askari yule alikuwa Mwislamu safi.)

Jaji akasema, na Sheikh Athmani akafasiri, "Korti inauliza kama kuna neno jingine juu ya jambo hili kabla ya kuamua."

Wakili akatikisa kichwa kwamba hana. Nikamwona Danieli amekaza mikono kwenye mbao za kizimba. Nikajiambia, Raheli, ndiyo sasa, jaji anaomba kufunguliwa na hakuna anayemfungulia! Nikasimama.

"Lipo, Bwana Jaji!"

Banda zima likageuka. Mama Loisi nyuma yangu akasema kwa sauti ya kusikika hata Kipevu, "Yesu wangu, amesimama."

"Shikamoo, Bwana Jaji," nikasema. "Mimi ndiye mwenye mtoto. Wamekosea hawa, wamekuletea neno bila ya heshima yako, ndiyo maana unaangalia mabati. Heshima yako hii hapa. Pokea, tufungulie, na usinifungie mume wangu!"

Nikafunua leso, nikatoa kibuyu, nikakiinua kwa mikono miwili.

Nafikiri ni kule kukiinua kulikokitikisa. Sikusikia mlio kwa masikio, niliusikia kwa meno. Kizibo kiliruka kikagonga bati la juu, na tembo likatoka kama limetumwa, povu jeupe, likamchapa mchungaji usoni, likapanda juu ya meza, likaupiga mzigo wa mablanketi mpaka lakiri ikateleza, likafika kwenye karatasi za Inspekta. Nami badala ya kukiweka chini, kwa kuogopa kupoteza heshima ya jaji, nikakigeuza nikitafuta kuokoa kilichobaki, hapo ndipo kilichobaki nacho kikawamwagikia wote.

Kisha harufu. Nyinyi mnalijua tembo la jua kali.

Askari wawili wakanishika. Danieli amefunika uso kwa mikono, sijui analia au anacheka. Mchungaji, mtu wa Mungu aliyekuja kuapa kwamba nyumba ya Danieli haijui tembo, amesimama linamdondoka ndevuni, akijaribu kulifuta na kila akilifuta linatoa povu zaidi. Jaji akagonga meza. Akamwuliza mkalimani huyu mwanamke ni nani na amesema nini.

Sheikh Athmani alinitazama kwa huruma. Akamfasiria. Nikaona nyusi za jaji zinapanda, akamtazama Danieli, kijana wa miaka ishirini na kitu, akanitazama mimi. Sheikh Athmani akaongeza maneno mengi kwa haraka, baadaye aliniambia, "Mamangu, n'limweleza kuwa si mume wa ndoa, ni utani wa nyanya na mjukuu. Aliniuliza mara tatu kama nna hakika."

"Na ile kadzama, ulimweleza?"

"Hiyo niliieleza vizuri. Akasema kwao wakimpa jaji pombe hufungwa wote wawili."

Basi korti ikaahirishwa mpaka mchana. Jaji akaamuru vitu viwili: mimi niwekwe barazani chini ya ulinzi kwa kuingiza tembo bila kibali, na mzigo ule ufunguliwe uanikwe usije ukaoza ukanuka zaidi kabla haujatazamwa. Nani auanike? Karani akakataa, askari wakasema si kazi yao. Inspekta akanyosha ile shingo yake akaninyoshea kidole. "Yeye amelowesha, yeye aanike."

Nikatoka nje nimebeba mablanketi yanayonuka kilabu, askari nyuma yangu, watu wamejaa uwanjani. Nimezoea kuheshimiwa njia hii. Siku ile mwanamke mmoja auzaye maandazi, hata simjui, akaniita, "Bibi, utauza kwa kibaba ama kwa blanketi?" Wakacheka mpaka wakashikana. Nikajitia kiziwi, nikakata kamba, nikayakung'uta, nikaanza kuyatandika moja moja juu ya ukingo wa baraza.

La kwanza la juu pembe zake zote zilikuwa nzima. La pili nikaona pembe yake moja imekatwa. Nikadhani panya. La tatu, pembe imekatwa. Nikayafungua yote, nikayapanga pembe kwa pembe, yote yamekatwa mahali pamoja, mkato ulionyooka, wa mkasi, si wa panya. Na humo ndani mna matundu ya nondo na madoa ya kuungua. Sasa mimi, aibu au si aibu, nikaona ajabu. Mtu anaibaje mablanketi mabovu, halafu anakaa chini anayakata pembe?

Pale barazani kwenye benchi ya mashahidi alikuwapo sajini mmoja mweusi, mtu wa bara, mrefu, viatu vinang'aa, ndiye mtunza stoo wa jeshi. Alikuwa ameletwa kusema kwamba stoo yake imepungukiwa mablanketi.

"Baba Sajini," nikamwita.

"Sema, mama," akasema huku amejibana pua.

"Huko kwenu jeshini blanketi hukatwa pembe kwa sababu gani?"

"Likiwa bovu. Likishaharibika tunalikata pembe, linatupwa kuchomwa. Likatwe lisirudishwe stoo."

"Na anayekata ni nani?"

"Mimi mwenyewe, kwa mkasi wangu."

"Basi njoo uangalie mkasi wako."

Akainuka. Akaja, akaacha kujibana pua. Akashika pembe ya kwanza, ya pili, akaenda mpaka mwisho wa baraza akizishika, akarudi. Akasema polepole, "Nani ameleta haya hapa?"

"Ndiyo mali unayosema imeibwa."

"Si haya! Haya nimeyatupa mimi. Mimi nimepotelewa na mapya." Akatazama huku na huku kama mtu aliyekanyaga shimo. "Hakuna aliyenionyesha. Waliniambia tu, njoo useme yamepungua."

Nikapiga yowe. Wakili wangu akatoka mbio na sandwichi mdomoni.

Mchana korti ikakaa tena, madirisha yote wazi. Na sikilizeni, maana watu wengi husimulia vibaya hapa, husema jaji alikubaliana na wakili. Hakukubaliana naye. Alisoma kwanza jibu la lile swali langu (naliita langu, nililigharimia), akasema sheria iliyoiweka korti hii imeipa kupokea kesi kutoka kwa polisi moja kwa moja, haihitaji hakimu kuituma, na yeye hana uwezo wa kuongeza mlango ambao mtunga sheria ameuondoa kwa makusudi. Wakili ameshindwa. Nikaliona lile lori.

Halafu jaji akamwita Sajini. Sajini akala kiapo akasema aliyoniambia, na akaonyesha pembe. Inspekta akauliza, basi la juu lisilokatwa je? Sajini akasema hilo ni la kufungia, hufungiwa mabovu kupeleka jaani, nalo lina tundu katikati la kupitisha ngumi. Akapitisha ngumi. Jaji akamwuliza Inspekta kama kabla ya leo kuna mtu yeyote aliyeufungua mzigo ule mbele ya shahidi huyu. Inspekta, shingo yake imekuwa nyekundu yote, akasema hapana. Jaji akaweka kalamu chini. Kisha akasema Danieli aende zake.

Nilipomkumbatia, askari wangu bado amenishika mkono mmoja, kwa hiyo tulikumbatiana watatu.

Lakini mimi na swali langu! Hata pale nje nikamshika wakili koti. "Bwana Wakili, nieleze. Korti yaweza, amesema yaweza. Basi yule hakimu wa kwanza kazi yake ilikuwa nini?"

Akacheka, mara yangu ya kwanza kumwona akicheka. "Mama, kazi yake ni hiyo uliyoifanya wewe barazani. Kufungua mzigo."

Nikakaa nalo hilo mpaka leo. Kumbe hakimu mdogo si wa heshima, ni wa kupepeta. Mchele huupepeti kwa kuuheshimu, waupepeta kwa sababu ya mawe. Sasa serikali imeiruhusu korti ya vita kupika bila ya kupepeta, na ni halali, jaji amesema, nami sibishani na jaji. Ila nawakumbuka wale waliopandishwa lori kabla ya Danieli. Mizigo yao ilikuwa na lakiri vile vile. Nani aliyeimwagia tembo?

Mimi mwenyewe kesho yake nilipelekwa kwa hakimu mdogo, yule yule wa kupepeta, kwa shitaka la tembo bila kibali. Nilimfurahia mtu yule! Alinisikiliza tangu Rabai mpaka kwenye ndevu za mchungaji, alimsikiliza Mwaringa, alimsikiliza askari wa mlangoni, aliyekula kiapo kwamba alidhani nina mimba. Hakimu akaweka kichwa chini mezani kwa muda mrefu. Kisha akanionya, akaamuru kibuyu kivunjwe, akaniachilia. Mchungaji hakuniachilia hivyo. Niliondolewa kiti cha mbele nikawekwa nyuma karibu na mlango pamoja na waliokosa, mwaka mzima wa Bwana, na Mama Loisi akageuka kila Jumapili kuhakikisha niko.

Jioni ile ya kwanza, wakili akiwa amenidhamini mpaka kesho, tulirudi nyumbani kwa miguu, Danieli na mimi, watu wanatupisha njia kwa sababu ya harufu. Tulipopita reli ndipo akaniita.

"Hawe."

"Abee, mume wangu."

"Hilo usiniite tena mbele ya serikali." Akatembea kidogo. "Ungenyamaza ningefungwa. Hukunyamaza, na Kipevu nzima wananiita mume wa mama tembo. Sasa mimi sijui nikushukuru au nikukimbie."

"Nishukuru kwanza," nikamwambia, "halafu ukimbie."

Akanishukuru. Hakukimbia, amejenga hapa upande wa pili wa ua, ana mke wa kweli na watoto wawili. Nami nimeapa, na safari hii sikuapa madhabahuni bali mbele ya Mama Loisi, ambaye hasahau dhambi kama Mungu azisahauvyo: korti sitapeleka tena kitu kinachochemka. Akikamatwa mwingine katika ukoo huu nitakwenda mikono mitupu, nitakaa nyuma, nitafunga mdomo, na nitamwomba yeyote aliye karibu na meza kwa upole tu: baba, tafadhali, kata hiyo kamba tuone ndani.